Kaggia, Umejifanyia Nini?

*Hotuba iliyotolewa Murang'a, wiki ya Mashujaa, mbele ya askari wastaafu na vijana wanaoanza kazi katika ofisi za umma. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.*

Mwenyekiti, maafande wastaafu, wazee wetu, kina mama, na nyinyi vijana mlioketi huku nyuma na barua mpya za kazi mifukoni: hamjambo?

Nimeombwa nizungumze juu ya askari aliyeitumikia nchi hata baada ya kuvua sare. Ningeweza kuwaletea jenerali. Wapo, tena wa kujivunia. Lakini nimewaletea sajini, kwa sababu nyumbani kwao ni hapa, kwa sababu wengi wenu vijana hamkufundishwa habari zake, na kwa sababu aliwahi kuulizwa swali moja hadharani ambalo kila mmoja wenu ataulizwa kabla hajamaliza mwaka wake wa kwanza kazini. Jina lake ni Bildad Kaggia.

Kaggia alizaliwa Dagoretti mapema katika miaka ya 1920, ukoo wake ukiwa wa Murang'a. Ujana wake ulianza kama wenu, maana alikuwa karani. Aliandika barua na kupanga mafaili katika ofisi ya mkuu wa wilaya, mji huu ukiitwa Fort Hall. Kwa kijana Mwafrika wa wakati ule, hiyo ilikuwa kazi ya kuonewa wivu. Mwaka 1940 akaiacha, akaingia jeshi la Mwingereza.

Maafande, nyinyi mnajua jeshi linavyombadilisha mtu. Vita vya Pili vya Dunia viliwachukua karibu Wakenya laki moja. Wako waliopigana Uhabeshi, wako waliopelekwa Burma kupigana na Wajapani msituni, na wako waliobeba mizigo, waliopika na waliochimba mahandaki. Kaggia alipelekwa Mashariki ya Kati, na baadaye Uingereza kwenyewe. Akapanda cheo mpaka usajini.

Na huko aliona nini? Nawaomba msikilize hapa, kwa sababu sehemu hii ya maisha yake husimuliwa kwa haraka mno. Kaggia alikuwa Mkristo aliyelelewa katika Kanisa la Anglikana. Alipofika Palestina akapata nafasi ya kuizuru Yerusalemu na mahali pengine patakatifu alipokuwa amepasoma tangu utotoni. Mwingine angerudi na chupa ya maji ya mto Yordani. Yeye alirudi na maswali. Katika yale aliyofundishwa na wamisionari, ni lipi limetoka kwa Mungu, na ni lipi limetoka Uingereza? Kwa nini Mwafrika, ili awe Mkristo, atakiwe kwanza kuidharau nyumba ya babake?

Swali la namna hiyo haliishii kanisani. Mtu akishaanza kuuliza ni amri ipi imetoka mbinguni na ni ipi imetoka kwa mtu tu, atauliza pia kuhusu DC, atauliza kuhusu mshahara, na atauliza kuhusu shamba. Hilo ndilo jeshi lilimfanyia Kaggia bila kukusudia: lilimpa safari, nidhamu, na muda wa kufikiri mbali na macho ya chifu.

Kisha wakarudi nyumbani. Wazee wangu, mlioambiwa na baba zenu jinsi walivyopokewa, mnajua. Askari Mzungu aliyemaliza vita alitengenezewa mpango wa kupata shamba katika zile nyanda za juu zilizotengwa kwa ajili ya Wazungu. Askari Mwafrika alirudi kubeba kipande, kile kitambulisho alicholazimishwa na mkoloni. Walilala katika mahandaki ya vita ile ile, wakala kiapo kwa mfalme yule yule, na mwisho mmoja akapewa ekari, mwingine akapewa masharti.

Pale Nairobi, katika barabara iitwayo leo Kenyatta Avenue, ipo sanamu ya askari watatu. Iliwekwa miaka ya 1920 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa vita vya kwanza, na maandishi yake yamo pia kwa Kiswahili. Yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ni ahadi nzuri. Lakini waliorudi hai mwaka 1945 na 1946 walikuwa na haki ya kuuliza: na sisi ambao hatukufa, nchi gani hii tuliyoipigania?

Kaggia hakukaa kulalamika. Alipata kazi ya ukarani katika benki jijini Nairobi, kazi ya kola nyeupe na mshahara wa kila mwezi. Wakati huo huo akaanza kuhubiri. Alijitenga na kanisa la wamisionari, akaanzisha kundi lake la waumini, ambalo watu walilibatiza jina la Dini ya Kaggia. Likaenea huku kwetu, na hatimaye akaiacha benki. Baadaye akaingia vyama vya wafanyakazi. Alikuwa kiongozi wa makarani na wafanyakazi wa biashara, akafanya kazi bega kwa bega na Fred Kubai na Makhan Singh, wale walioanzisha mwaka 1949 shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki. Mwaka 1951 kundi lao likachukua uongozi wa tawi la Nairobi la KAU, chama cha siasa cha Waafrika wa Kenya, Kubai akiwa mwenyekiti na Kaggia katibu.

Angalieni nafasi anayoshika. Hapo KAU, Kaggia ni katibu. Anaandika kumbukumbu za mikutano, anapanga ajenda, anahesabu michango. Vijana, msiudharau ukatibu. Yale mambo ya siri ya Mau Mau, vuguvugu la kupigania ardhi na uhuru, yaliyokuwa yakipangwa Nairobi, viapo na kamati kuu na mawasiliano, hayakuendeshwa kwa hotuba kali peke yake. Yaliendeshwa na watu waliojifunza jeshini kwamba taarifa lazima ifike, na kwamba mtu akipewa jukumu harudi bila jibu. Wako askari wa zamani waliokwenda msituni na bunduki, kama Waruhiu Itote aliyepigana Burma na baadaye akajulikana kama Jenerali China. Kaggia alikuwa na kalamu, na kalamu hiyo serikali iliiogopa vile vile.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa na viongozi wakakamatwa. Ndiyo maana tuko hapa wiki hii. Siku hiyo zamani tuliiita Siku ya Kenyatta, na Katiba ya 2010 ikaifanya Siku ya Mashujaa, kwa wingi. Wingi huo una maana kubwa kwangu. Kizimbani Kapenguria, wakishtakiwa kuongoza Mau Mau, walisimama watu sita: Jomo Kenyatta, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng' Oneko, Kung'u Karumba na Bildad Kaggia. Kesi ilipelekwa huko mbali ili watu wasifike kusikiliza. Aprili 1953 hakimu Thacker akawahukumu miaka 7 na kazi ngumu. Shahidi mmoja mkubwa wa serikali, Rawson Macharia, miaka mitano baadaye aliapa kwamba alikuwa amesema uongo mahakamani. Alipelekwa jela yeye, na hukumu ya kina Kenyatta na Kaggia ikabaki pale pale.

Walifungwa Lokitaung, kaskazini kabisa ya Turkana, kwenye mawe na joto. Mwaka 1958 barua ya wafungwa wa huko kuhusu hali yao ilipenya ikachapishwa na gazeti la London. Kaggia aliachiliwa 1961. Hesabuni wenyewe: kijana aliyeingia jeshini 1940 alikuwa amemaliza miaka ishirini na moja, na sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa chini ya amri ya mtu mwingine, ama kambini ama gerezani. Nani angemlaumu kama angesema sasa imetosha, sasa ni zamu yangu?

Mwaka 1963 watu wa Kandara walimchagua kwenda Bungeni. Akafanywa waziri msaidizi katika Wizara ya Elimu. Alikuwa na bendera, ofisi na gari, na alikuwa na jina ambalo lingeweza kumfungulia mlango wa benki yoyote kupata mkopo wa kununua shamba la Mzungu anayeondoka. Wengi walifanya hivyo, na kisheria hawakukosea.

Sasa naomba nitulie kidogo juu ya jambo la ardhi, kwa sababu bila kulielewa hamtamwelewa Kaggia. Tena baadhi yenu mnakwenda kufanya kazi katika ofisi za ardhi.

Wakati wa hali ya hatari serikali ya kikoloni ilifanya huku kwetu kazi ya kukusanya vipande vya mashamba. Familia iliyokuwa na vipande vidogo kwenye matuta mbalimbali iliunganishiwa, ikapewa shamba moja lenye mipaka na hati. Kwa kilimo, lilikuwa na faida zake. Lakini jiulizeni: ilifanyika lini? Ilifanyika wakati maelfu ya wanaume wa wilaya hii wako kizuizini na msituni. Katika kamati nyingi zilizoamua kipande kipi ni cha nani, sauti iliyosikika ni ya waliokuwa upande wa serikali. Mtu anatoka kizuizini baada ya miaka sita, anakuta shamba la babake limepimwa na kuandikwa kwa jina la jirani. Anakwenda kushtaki. Anaambiwa sheria hairuhusu. Na kweli haikuruhusu! Sheria ya ardhi iliyosajiliwa ya 1963 ilisema usajili wa kwanza hauwezi kubatilishwa, hata ikithibitika kwamba ulipatikana kwa udanganyifu. Hata kwa udanganyifu, ndugu zangu. Sheria hiyo iliishi mpaka 2012 ndipo ikafutwa.

Hao ndio waliokuja nyumbani kwa mbunge wao. Walikuja na makovu, na wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Na kulikuwa na mpango wa ekari milioni moja, wa kununua mashamba ya Wazungu kwa mikopo kutoka nje na kuwagawia Waafrika. Mpango ule ulizipatia makazi familia zipatazo 35,000, na sitasimama hapa kuudharau. Lakini masharti yake yalikuwa kwamba mwananchi ailipie ardhi hiyo pole pole kwa miaka mingi. Kaggia akauliza Bungeni na nje ya Bunge: mtu aliyenyang'anywa shamba, akalipigania, akafungwa kwa ajili yake, atalinunuaje tena? Alitaka wasio na ardhi wapewe bure. Alitaka pia kuwe na kikomo cha ardhi ambayo mtu mmoja anaweza kuishika. Na alitaka zile hati za wakati wa hali ya hatari zichunguzwe upya.

Serikali ilikuwa na jibu lake. Hazina ilikuwa changa, mikopo ilikuwa ya kulipwa, na iliogopwa kwamba kugawa bure kungevunja kilimo kilicholeta fedha za kigeni. Ni hoja, na mtu mwenye akili anaweza kuishika. Lakini Kaggia hakuambiwa tu kwamba amekosea hoja. Aliambiwa achague: anyamaze au atoke. Juni 1964 akatoka. Akarudisha gari na ofisi, akabaki mbunge wa kawaida wa Kandara.

Hapa ndipo linapoingia lile swali. Aprili 1965 Rais Kenyatta alikuja Kandara, kwenye jimbo la Kaggia, akahutubia umati. Akamgeukia mwenzake wa Lokitaung mbele ya watu wake. Akamkumbusha kwamba walifungwa pamoja na Paul Ngei, na ukienda kwa Ngei leo utaona amepanda kahawa na mimea mingine. Akasema Kubai ana nyumba kubwa na shamba zuri. Akasema Kung'u Karumba naye walifungwa pamoja, na sasa anaendesha mabasi yake. Na kila alipotaja mmoja alirudia lile lile: Kaggia, wewe umejifanyia nini?

Umejifanyia nini?

Watu walifundishwa kucheka swali lile likiulizwa. Miaka mingi baadaye bado nilisikia wazazi wakiwatishia watoto wao nalo, kwamba usije ukawa kama Kaggia, ukafungwa bure, ukarudi mikono mitupu. Mimi nimefundisha historia muda mrefu, na ninasema kwa moyo wangu wote kwamba siku ile nchi yetu ilibadilisha kipimo. Kabla ya hapo mtumishi wa watu aliulizwa amewafanyia nini watu. Kuanzia pale akaanza kuulizwa amejifanyia nini. Na sisi, wananchi wenyewe, ndio tuliolipokea hilo swali tukalibeba mpaka majumbani. Tunamuuliza mwanetu aliyeajiriwa juzi ofisi ya kaunti: mbona bado unapanda matatu? Mbona wenzako wamejenga? Nani kati yetu hapa hajamuuliza mtu hivyo?

Nyinyi vijana mtaulizwa. Mtaulizwa na shangazi zenu, kwa upendo kabisa. Mtaulizwa na mwenzenu wa dawati la pili atakayekuonyesha jinsi faili linavyoweza kupotea kwa wiki mbili na kupatikana kwa saa moja. Nawaomba mjue leo kwamba aliwahi kuwepo mtu, wa ardhi hii hii, aliyeulizwa hivyo na rais wa nchi, mbele ya majirani zake, na hakubadilisha msimamo.

Yaliyofuata yalikuwa magumu. Mwaka 1966 aliungana na Oginga Odinga, aliyekuwa makamu wa rais, katika chama kipya cha upinzani, KPU, akawa naibu wake. Katiba ikarekebishwa haraka ili wote waliohama chama warudi kwa wapiga kura. Kaggia akarudi Kandara, na Kandara ikamkataa. Wazee wangu mniwie radhi, lakini lazima lisemwe katika ukumbi huu: wale wale aliowaombea mashamba walipigia kura upande mwingine. Kulikuwa na vitisho, kulikuwa na mashine yote ya serikali, na kulikuwa na maneno kwamba Mkikuyu kumfuata Mjaluo ni usaliti. Kaggia hakukubali hesabu hiyo ya kabila. Alikwenda kufanya kazi ya chama mpaka Nyanza, na mwaka 1968 akafungwa tena, safari hii na serikali ya nchi huru, kwa kosa la kufanya mkutano bila kibali. Mtu yule yule, kosa lile lile la kukutana na watu na kusema nao.

Mwaka 1969 alirudi KANU, chama tawala. Wapo wanaomlaumu kwa hilo, wanasema alichoka, alijisalimisha. Mimi simwoni hivyo. Alikuwa amefungwa na serikali mbili, alikuwa na familia, na chama chake kilikuwa kinazimwa. Kabla mwaka huo haujaisha kilipigwa marufuku. Alipopewa uenyekiti wa bodi ya pamba aliufanya kama kazi. Na tazameni alivyozeeka. Mtu aliyepita mle mwote, kutoka kamati kuu ya mapambano hadi Bungeni na bodi ya serikali, alikuwa na kinu cha kusaga posho. Kina mama walikuja na mahindi yao, wakasagiwa, wakalipa, wakaondoka. Aliishi mpaka kuona mwaka 2003 sheria ya mkoloni iliyoipiga marufuku Mau Mau ikiondolewa hatimaye, miaka arobaini baada ya Uhuru. Alifariki tarehe 7 Machi 2005.

Wako wanaosema: sasa kinu cha posho ndicho cha kusifiwa? Je, umaskini ni sifa? Hapana. Sitaki kijana yeyote hapa aondoke akidhani ninawaambia msijenge, msisomeshe watoto, msinunue shamba kwa jasho lenu. Familia ya Kaggia ililipa gharama ambayo haikuichagua, na nchi ilipaswa kumtunza kama inavyopaswa kuwatunza hawa maafande walioketi mbele yangu, wengine wakihangaikia pensheni na matibabu. Nchi inayowaacha watu wake waaminifu wazeeke kwa shida inawafundisha vijana wizi kuliko mwalimu yeyote. Ninachosifu ni kwamba alipokuwa na uwezo wa kuchukua, na sheria ikimruhusu, na marafiki wakichukua, alisimama upande wa wale wasio na hati.

Kwa hiyo nina maombi, si mengi. Nyinyi mnaokwenda ofisi za ardhi: atakuja mzee au mama mwenye karatasi iliyochanika, akieleza habari ya mwaka 1956 au 1958 kwa urefu, akirudi nyuma, akichanganya majina ya mito na ya watu. Mpeni kiti. Msikilizeni mpaka mwisho kabla ya kumwambia faili halionekani. Huyo ndiye aliyekwenda kwa Kaggia mwaka 1964.

Nanyi maafande: nidhamu mliyoipata kambini bado mnayo. Kaunti ina kamati za maji, bodi za shule, vikao vya umma vya bajeti ambavyo watu hawaendi. Nendeni. Andikeni kumbukumbu. Ulizeni fedha zimekwenda wapi, na mkijibiwa vibaya, rudini mwezi ujao mkaulize tena, kama katibu.

Na nyinyi walimu wenzangu mliokuja, watoto wanaimba majina sita ya Kapenguria kama shairi bila kujua mmoja wao alikuwa karani wa ofisi iliyo hatua chache kutoka darasani kwao. Wapelekeni wakaione.

Nimezungumza vya kutosha. Katika mstari huu wa mbele wameketi wazee waliohudhuria mikutano yake ya Kandara wakiwa vijana, na mama mmoja aliyekuwa akisaga mahindi kwenye kinu chake. Hawakuwa kwenye ratiba, lakini mwenyekiti amenikubalia. Kama nimesema pungufu, watajaza. Kama nimesema zaidi, watanisahihisha. Kijana wa kipaza sauti, mpelekee kwanza mama. Asanteni sana.